Dawa ya Kuvu na Askari wa Mwili



Barua tuliyoiweka mbele yetu mwezi huu imetoka Kondoa. Aliyeiandika ni mama mmoja ambaye, kwa kutaka kwake, hatutataja jina lake wala mtaa wake. Mwanawe wa pili, utingo wa lori liendalo baina ya Singida na Dar es Salaam, aliugua kichwa muda wa majuma matatu. Kwanza wakadhani ni malaria, akanywa dawa ya malaria. Kisha wakadhani ni jua, kwa kuwa utingo hukaa juu ya shehena mchana kutwa. Jamaa walipoona ameanza kuwaita watu kwa majina yasiyo yao na kuukimbia mwanga wa dirishani, pakazuka neno la pepo. Ami yake akataka asomewe, na mwingine akataja Mirembe, jina ambalo sote twajua hutajwa kwa ajili ya nini. Mwishowe akapelekwa hospitali mjini Dodoma, akachomwa sindano ya mgongoni, na katika maji yaliyotolewa huko wakaiona hamira.

Mama huyu anauliza: hamira niijuayo mimi ni ile niitiayo katika unga wa maandazi, imeingiaje kichwani mwa mwanangu? Swali lake la pili ndilo lililonifanya nimpigie simu siku ile ile niliyoipokea barua, nisingoje gazeti litoke. Kila wanapomtundikia kijana dripu ya dawa, hushikwa na baridi kali hata kitanda kikatikisika, na homa ikapanda. Na ami yake, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba tangu baba yao kufariki, amesema kwamba dawa ile ndiyo itakayomuua, kwa hiyo afadhali ichomolewe. Je, amtii shemeji yake?

Nilimwambia asiichomoe, bali amwite muuguzi kila baridi ianzapo, na amwombe daktari amweleze shemeji yake kwa heshima, mbele ya watu. Lakini jibu la simu huwa fupi, na jambo lenyewe lagusa nyumba nyingi. Tena mama huyu aliongeza mistari miwili mwishoni, kama mtu aliyeona haya, kuhusu mkazamwana wake asumbuliwaye na mwasho usiokwisha. Akauliza kama hamira ya mkazamwana na hamira ya mwanawe ni moja. Basi nimeona tulieleze jambo hili kwa mapana.

Hamira ni kiumbe cha ukoo wa kuvu, kidogo hata hakionekani ila kwa darubini, nacho huzaana kwa kuchipua, mtoto akatoka ubavuni mwa mama yake. Aina zake ni nyingi kupita kiasi, na ile ya maandazi ni moja tu katika hizo, wala haina ugomvi na watu walio wazima. Sisi tukaao uwanda huu wa kati hatuna haja ya kwenda mbali kuziona kazi zake. Zabibu zetu za Dodoma, ukizikamua na kuyaacha maji yake siku mbili tatu, hutoa povu yenyewe bila ya mtu kutia kitu, kwa sababu hamira za mwitu zimo katika maganda ya tunda. Na ndiyo maana mwenye nyumba aijaliye dini yake huinywa juisi ya zabibu siku ile ile aliyoikamua.

Hamira iliyomwingia kijana wetu nayo ilijulikana kwanza kwa njia kama hiyo. Mwaka 1894 Mwitaliani mmoja, Francesco Sanfelice, aliiona katika maji ya matunda ya pichi yaliyochacha, na mwaka ule ule Wajerumani wawili, Otto Busse na Abraham Buschke, waliikuta katika mfupa wa mguu wa mgonjwa. Jina lake ni Kriptokoka. Hukaa katika udongo, katika mashimo ya miti, na zaidi katika mavi ya njiwa yaliyokauka. Upepo ukivuma, na Dodoma upepo hauna likizo, mtu huivuta pamoja na vumbi. Yaelekea wengi wetu tumekwisha kuivuta tangu utotoni tusijue, kwa kuwa askari wa mwili waliikamata mapafuni wakaifungia huko huko.

Hamira ya mkazamwana ni nyingine. Hiyo ni Kandida, na haikutoka nje. Ni mpangaji wa zamani, akaaye kinywani, matumboni na katika utupu wa wanawake wengi walio wazima kabisa. Ndiyo hiyo hiyo iletayo utando mweupe katika kinywa cha mtoto mchanga. (Mapunye na choa ni kuvu za ukoo mwingine, si hamira, nasi tutazizungumza siku yake.)

Sasa tuwaangalie askari. Askari wa mwili ni chembe nyeupe za damu, na leo tutawataja wa namna mbili. Wa kwanza ni walaji, ambao humzunguka adui, wakammeza na kumyeyusha. Wa pili ni maamiri, na walio mashuhuri miongoni mwao ni wale waitwao CD4, ambao wenyewe hawamezi kitu, bali hutoa amri. Mlaji aliyekosa amri huweza kummeza adui akashindwa kumuua, na Kriptokoka hustarehe sana tumboni mwa mlaji wa namna hiyo, ikasafiri humo hata ubongoni, kama mwizi aliyepanda gari la polisi. Virusi vya UKIMWI huwaua maamiri hao. Hii ndiyo sababu wengi wa waliopatwa na Kriptokoka ya ubongo katika nchi zetu ni watu wenye virusi hivyo, ijapokuwa wamo pia wengine ambao kinga yao imedhoofika kwa maradhi mengine au kwa kutumia dawa za steroidi muda mrefu. Mama wa Kondoa hakuyaandika maradhi ya mwanawe, nami sikumwuliza. Mgonjwa ana haki ya siri yake hata mbele ya ami.

Walakini askari hawezi kupigana na asichokitambua. Msomaji ameiona tembe ya Kigogo: nje imekandikwa udongo, ndani ya udongo mna fito. Hamira imejengwa vivyo hivyo. Fito zake ni za sukari ngumu iitwayo glukani, ambayo mwili wa binadamu hauiundi kabisa, hata mlaji akiigusa hujua papo hapo kwamba huyu ni mgeni. Kandida huzificha fito zake chini ya udongo wa sukari nyingine, mlaji akapapasa ukuta asione la kumshtua. Kriptokoka huzidi: juu ya ukuta huvaa shuka nene la ute lenye utelezi, ambalo mlaji halishiki, tena hubandua vipande vya ute huo na kuvimwaga katika damu na katika maji ya ubongo, askari wakazubaa.

Hapa ndipo penye jambo nililotaka kulisema. Watu hudhani kwamba dawa ya kuvu humwendea adui peke yake, ikampiga, basi. Sivyo. Dawa hizi huvigeuza vita vyenyewe: moja hubomoa udongo askari wakaziona fito, nyingine huwapigia askari ngoma, na nyingine humfunga adui kamba tu, ikawaachia askari kazi ya kummaliza. Asiyeijua tofauti hii ataiogopa dawa ambayo haikupaswa kuogopwa, na ataitegemea dawa ambayo haikuahidi alilolitegemea.

Dawa ya kubomoa ni kaspofungini, ambayo huzuia hamira isijenge glukani yake. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba Kandida iliyoguswa na dawa hiyo, hata kwa kiasi kidogo kisichotosha kuiua, hupasuka udongo wake, fito zikatokeza, na walaji wakaishambulia kwa nguvu zaidi. Hii ni dawa ya mshipani, kwa Kandida iliyoingia katika damu. Kriptokoka haiidhuru, kwa hiyo tutaipita.

Dawa ya kupiga ngoma ndiyo ile ya dripu, amfoterisini. Asili yake ni kijidudu cha udongo kilichotoka karibu na mto Orinoco, nchi ya Venezuela, katika miaka ya 1950. Kazi yake ya kwanza ni kushikamana na mafuta yaliyo katika ngozi ya hamira, yaitwayo ergosteroli, ikaitoboa hamira na kuyavujisha yaliyomo. Mwili wetu hauna ergosteroli, lakini una mafuta jamaa yake, kolesteroli. Na kwa kuwa dawa hii haipambanui vema baina ya ndugu hao wawili, figo za mgonjwa huumia. Kwa sababu hiyo hospitali hutanguliza dripu ya maji ya chumvi, humpa mgonjwa madini ya potasiamu ambayo hupotea katika mkojo, na humpima damu mara kwa mara. Jamaa wakaao kando ya kitanda watasaidia sana wakiangalia kama mgonjwa anapata mkojo kama kawaida, na wakimwambia muuguzi mapema wanapoona umepungua.

Kazi yake ya pili ndiyo iliyomtisha ami. Juu ya ngozi ya mlaji kuna mfano wa kengele, ambayo huguswa na vijidudu vya maradhi vinapoingia mwilini. Ikiguswa, mlaji hutoa ishara za kuwaita wenzake, na ishara hizo hizo, zikifika kichwani, ndizo ziletazo baridi na homa. Amfoterisini huigusa kengele ile ile. Mwili hudhani umevamiwa upya, ukapiga ngoma ya vita, kitanda kikatikisika. Kwa hiyo baridi ile si dalili ya mtu kufa kwa dawa. Wala nisimdanganye msomaji kwa upande wa pili: si dalili kwamba dawa inafanya kazi vizuri, na mgonjwa asiyetetemeka asidhani ametiwa maji matupu. Ni jambo la kupunguzwa, nalo hupunguzwa kwa kuitiririsha dripu polepole na kwa dawa za homa zitangulizwazo. Ipo pia amfoterisini iliyofunikwa kwa mafuta, ambayo huwatetemesha watu kidogo zaidi na huzihurumia figo. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika ya Kusini: dozi moja kubwa ya dawa hiyo, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa majuma mawili, haikuwa duni kuliko dripu za kila siku kwa juma zima. Katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa hivyo walifariki kama 25 ndani ya majuma 10, na kwa njia ya zamani kama 29. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka ule ule. Lakini pale isipopatikana, ile ya kawaida ni bora mara nyingi kuliko kuichomoa.

Yabaki flukonazoli, dawa ya kamba. Hii ndiyo tuijuayo sote, kwa kuwa huuzwa kila duka la dawa kuanzia Manyoni hadi Kongwa. Yenyewe haitoboi kitu. Huzuia hamira isitengeneze ergosteroli yake, hata ikashindwa kuongezeka, na Kandida ikashindwa kutoa nyuzi zake ndefu zichomazo nyama. Adui amefungwa, lakini yu hai. Penye askari wa kutosha, kidonge kimoja hutosha, maana wao huja wakammaliza akiwa amefungwa. Pasipo askari, adui hukaa na kamba zake akisubiri, na siku utakapoiacha dawa huzikung'uta akasimama.

Haya si maneno ya kitabuni tu. Miaka mingi hospitali nyingi za Afrika hazikuwa na amfoterisini wala wauguzi wa kutosha kuiangalia, na wagonjwa wa Kriptokoka ya ubongo walipewa flukonazoli peke yake. Zaidi ya nusu yao walikufa katika majuma kumi ya kwanza. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya majaribio makubwa ya watu 721 katika Malawi, Zambia, Kamerun na hapa kwetu Tanzania. Waliopata amfoterisini na flusitosini kwa juma moja tu, kisha flukonazoli, walikufa 24 katika kila 100. Waliopata vidonge vya flukonazoli na flusitosini kwa pamoja, bila ya dripu, walikufa 35. Yaani hata pale dripu isipowezekana, kidonge cha kamba kikipata mwenzake wa kuua, si sawa na kidonge cha kamba peke yake.

Kijana wa Kondoa alimaliza juma lake la dripu. Mwezi uliofuata mama yake akanipigia yeye mwenyewe, safari hii kwa hasira. "Mwanangu ameanza kula," alisema, "na sasa wanajua ugonjwa uliomwangusha ni upi, nami nimekubali. Lakini dawa ya ugonjwa huo hawampi! Wamesema angoje majuma manne hata sita. Ndugu mwandishi, nyinyi kila siku mwatuambia ukipimwa anza dawa siku ile ile. Huku si kumwacha afe?"

Nami naungama kwamba, kama ningeulizwa swali hilo miaka kumi na tano iliyopita, ningekuwa upande wa mama. Hata waganga wenyewe walikuwa wamegawanyika. Jambo likaamuliwa kwa majaribio yaliyofanywa Kampala na Mbarara katika Uganda, na Cape Town, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2014. Wagonjwa 177 wa Kriptokoka ya ubongo waligawanywa mafungu mawili: fungu moja likaanzishiwa dawa za ARV katika juma la kwanza au la pili, na jingine likangoja kama majuma matano. Hesabu ya miezi sita ilikuwa hivi: katika walioharakishwa walikufa 45 katika kila 100, katika waliongoja, 30. Na walioumizwa zaidi na haraka ni wale ambao maji yao ya uti wa mgongo yalikuwa na chembe nyeupe chache mno, yaani wale hasa ambao mtu angedhani wana haja kubwa zaidi ya kurudishiwa askari.

Vipi basi? ARV huwarudisha maamiri. Katika mwili wa kawaida hiyo ni neema tupu. Lakini ubongo wa mgonjwa huyu bado umejaa hamira, zilizo hai na zilizokufa, na mashuka ya ute yametapakaa kila mahali. Wataalamu huona kwamba askari wanaporudi kwa ghafula wakakuta uchafu wote ule, huwasha moto ndani ya nyumba ndogo isiyo na dirisha. Fuvu halipanuki, na uvimbe hauna pa kwenda. Dawa ya kuvu ipewe kwanza nafasi ya kufagia, ndipo askari waitwe. Katika magonjwa mengi ya mtu mwenye VVU neno letu libaki lile lile, kwamba asikawie. Kriptokoka ya ubongo ni mlango wa pekee, na kuufuata utaratibu wa daktari hapo si kumwacha mtu afe.

Msomaji mwenye akili ataniuliza: ikiwa moto wa askari ndio unaounguza, kwa nini tusiuzime kwa steroidi? Swali zuri, na liliulizwa na watu wakubwa. Steroidi iitwayo deksamethasoni ilijaribiwa kwa wagonjwa 451 katika nchi za Asia na katika Malawi na Uganda. Majaribio yakasimamishwa kabla ya wakati, na habari zake zikatolewa mwaka 2016, kwa kuwa waliopewa steroidi walipata vilema zaidi na madhara zaidi, na hamira ziliondoka katika maji ya ubongo polepole kuliko kwa wenzao. Ina maana kwamba hata wale askari wachache waliobaki walikuwa wakifanya kazi kubwa kando ya dawa, na walipofungwa midomo, dawa ilipungukiwa. Mimi majaribio haya mawili huyasoma pamoja: ukiwaita askari mapema mno, hasara, ukiwanyamazisha, hasara.

Na sasa mkazamwana. Kwake yeye mambo yamepinduka. Askari hawakupungua, bali wamezidi ghadhabu. Mwaka 2004 palitangazwa habari ya wanawake wa Marekani, wazima na wa kujitolea, waliotiwa Kandida makusudi. Wengine waliichukua wasisikie lolote. Na wengine wakawashwa na kuungua. Tofauti ilikuwa katika walaji: waliowashwa ni wale ambao walaji wao walimiminika kwa wingi mahali pale, na walaji hao hawakuiondoa hamira, waliwasha tu. Kwa hiyo mwasho wa mkazamwana ni ghasia ya askari wanaomfokea mpangaji wa zamani. Flukonazoli huwapunguza wapangaji, na ghasia hutulia. Lakini dawa haikuubadili ule wepesi wa hasira, na wapangaji wakiongezeka tena, fujo hurudi.

Mwaka huo huo wa 2004 jambo hili lilipimwa pia kwa wanawake waliorudiwa na maradhi haya mara kwa mara. Waliomeza kidonge cha flukonazoli kila juma kwa miezi sita, tisa katika kila kumi walipona katika muda wote huo. Walipoiacha dawa, miezi sita baadaye waliobaki salama walikuwa wanne tu katika kila kumi. Basi mkazamwana asijilaumu kwamba hana usafi, wala mume asimshuku kwa uzinzi, kwa maana hamira hii kwa kawaida haitokani na zinaa. Na ninaona vibaya sana jinsi nyumba nyingine zinavyoingia katika maneno mazito kwa ajili ya mpangaji huyu.

Afanye nini? Ikimrudia mara tatu au zaidi kwa mwaka, aende akapimwe, asinunue kidonge kingine kwa kukisia. Apimwe kwanza kama ndiyo Kandida kweli, kwa kuwa mwasho una baba wengi. Apimwe sukari, maana kisukari humlisha mpangaji na kuwalegeza walaji kwa wakati mmoja. Akiwa mjamzito, asimeze flukonazoli bila ya daktari. Atapewa ya kutia, kwa siku saba. Na mwenye kumeza baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamidi, ajue kwamba flukonazoli huvizidisha nguvu, na sukari yaweza kushuka hata mtu akazirai. Wala asitie kitunguu saumu huko, kama baadhi ya mashoga wanavyoshauriana.

Jingine nitakalolisema kwa ukali kidogo ni zile krimu za mchanganyiko ziuzwazo madukani, zenye dawa ya kuvu, dawa ya bakteria na steroidi ndani ya bomba moja. Hupendwa kwa sababu mwasho hukatika usiku ule ule. Hukatika kwa kuwa steroidi imewafunga askari midomo, na si kwa kuwa adui amekufa. Mama humpaka mtoto mapajani juma baada ya juma, ngozi ikawa nyembamba kama karatasi, na kuvu ikastawi chini yake kimyakimya. Soma maandishi ya bomba. Ukiona betamethasoni au jamaa yake, muulize mwuzaji kwa nini imetiwa.

Mtu aliyepewa flukonazoli ya kila siku kwa muda mrefu, naye ana nguvu za kufunga, kwa kawaida aweza kuimeza usiku katika mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa dozi yake ni moja kwa siku. Amwulize daktari wake. Ama aliye katika dripu, ruhusa yake yajulikana, wala jamaa wasimshindanishe.

Ningependa kila nyumba ijue jambo moja ambalo laiti lingefanywa kwa kijana wetu kabla ya kichwa kuanza kumwuma. Lile shuka la ute ambalo Kriptokoka hulimwaga ili kuwazubaisha askari, ndilo linaloifichua. Kipo kipimo kidogo cha karatasi ambacho huviona vipande vya ute huo katika tone la damu kwa muda wa dakika 10 hivi, na huviona majuma kadhaa kabla ya hamira kufika ubongoni. Mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake zimeshuka chini sana apimwe, na akionekana anazo, apewe flukonazoli mapema, wakati ambapo kamba bado yatosha. Dar es Salaam na Lusaka waliyajaribu haya kwa watu 1,999, kazi iliyoongozwa na Dakta Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kwa fungu moja waliongeza kipimo hicho, pamoja na watu wa kawaida waliofundishwa kuwatembelea wagonjwa nyumbani mara moja kila juma katika mwezi wa kwanza wa dawa. Katika mwaka mmoja walikufa 13 katika kila 100, badala ya 18 wa fungu lisilotembelewa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2015, nami kila niisomapo huvutwa na lile la kutembelewa; mtu alibisha hodi, akauliza kama dawa zinamezwa, akaangalia kama kuna dalili mbaya, akaenda zake.

Kijana yuko nyumbani Kondoa. ARV alizianza katika juma la tano, na flukonazoli ataendelea nayo kwa muda mrefu, mpaka daktari atakaposema maamiri wamerudi kwa wingi. Macho yake hayajarudi sawasawa, na kazi ya lori hataiweza kwa sasa. Ami yake, nimeambiwa, ndiye ampelekaye kliniki.

Limebaki swali la njiwa. Mdogo wake kijana anafuga njiwa nyuma ya nyumba, na majirani wamekwisha kumwambia mama awachinje wote. Asiwachinje. Njiwa mwenyewe kwa kawaida haugui. Joto la mwili wake ni kubwa mno kwa hamira hii, ambayo huishi katika mavi yake yakikauka. Banda lihamishwe mbali na dirisha la kijana, naye asilifagie yeye mpaka apone. Mdogo wake anapolifagia, anyunyize maji kwanza, vumbi lisiruke.